MCA wetu, ripoti yako iwe na taa, ambulansi na majina ya waliokufa Mtongwe

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama kuna uwezekano usiikate sana manake haya mambo yameshikana, ukitoa moja lile lingine linakosa maana.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Likoni, sisi ndio wale mnaotuona na mkoba mgongoni twapita nyumba kwa nyumba, kila mmoja wetu amepewa kaya kama 100 hivi azijue vizuri, nani ana mimba, nani ana presha, mtoto gani hajamaliza chanjo. Majuzi MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi yetu kwenye bunge la kaunti, aliitisha baraza kwenye uwanja wa shule, akasema amekuja kutupa taarifa ya mambo matatu, usalama wa mtaa, afya, na kumbukumbu ya ndugu zetu waliotutangulia. Watu walikuja wengi, wazee, kina mama, vijana wa boda, hata wenye vibanda walifunga wakaja. Na kabla sijasema jengine nataka niseme kwamba nilifurahi, manake wako waheshimiwa ambao tangu wapigiwe kura 2022 raia wao wawaona kwenye mabango ya Idi na Krismasi peke yake. Huyu wetu alikuja, akasimama juani, akapokea maswali. Nampa heshima yake.

Lakini aliongea muda mrefu sana na karibu yote ilikuwa ni kule alikoenda. Alienda kikao cha usalama, alikutana na wakubwa wa polisi, alitembelea zahanati, alihudhuria dua, alienda mazishi. Mimi nilikuwa nasubiri atwambie kule bunge la kaunti amefanya nini. Ameuliza swali gani, ameleta hoja gani au mswada gani, kamati anayokaa imemwita nani ikamhoji, na kwenye bajeti wadi yetu imewekewa nini na kati ya hicho ni kipi kimefika mpaka huku chini. Mazishi hata mimi naenda. Ambacho mimi siwezi na yeye aweza ni kusimama mbele ya spika akadai jibu na jibu likaandikwa.

Na simtakii makuu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, yaeleza kazi ya mwakilishi wa wadi waziwazi kabisa, awe karibu na wapiga kura wake, ashauriane nao juu ya mambo yaliyo mbele ya bunge, apeleke maoni yao kule, ahudhurie vikao. Katiba nayo kifungu cha 196 yasema bunge la kaunti lifanye kazi yake wazi na lishirikishe wananchi. Kwa hivyo akija kutupa ripoti asidhani ametukirimu, na sisi tusimpigie makofi kama watu waliokirimiwa.

Nianze na usalama kwa sababu hapo ndipo alipotoka mbio. Mzee mmoja alimuuliza kuhusu vijana wa panga, akajibu usalama haujagatuliwa, hilo ni la serikali kuu, yeye kazi yake ni kupeleka kilio chetu kwa kamanda. Nusu ya hilo ni kweli, polisi ni wa serikali kuu na hakuna anayetaka MCA awe anampigia OCS, mkuu wa kituo cha polisi, simu kumpa amri. Lakini nusu ya pili aliiacha. Jedwali la Nne la Katiba, lile linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, limeipa kaunti taa za barabarani, limeipa udhibiti wa dawa za kulevya, limeipa zimamoto na majanga, limeipa vyuo vya ufundi vya mitaani. Sasa mtu akitaka kujua kwa nini kijana wa miaka kumi na sita ameshika panga pale kichochoroni, si hayo ndiyo ya kuanza nayo?

Chukua hiyo taa. Pale kwetu kwenye njia panda kuna mulika mwizi, ule mlingoti mrefu wa taa. Ukiwa wawaka, mama wa viazi karai auza mpaka saa nne usiku, watoto watoka madrasa wakicheka njiani, boda wapaki pale wakingoja abiria, na mama mjamzito akishikwa na uchungu naweza kutoka nje kumtafutia usafiri bila kuogopa. Ukizimika, mambo yabadilika siku hiyo hiyo. Kufika maghrib yule mama azima jiko, abeba karai mafuta yakiwa bado moto, mkono mmoja karai mkono mwingine mtoto, na akishaondoka yeye boda nao waondoka, kona yabaki na vijana ambao huwajui wametoka wapi. Nimeona hivyo kwa macho yangu. Halafu baada ya wiki wasikia mtu amekatwa mkono ameporwa simu, watu wanapiga kelele polisi wako wapi, na hakuna anayeuliza ule mlingoti uliharibika nini, fundi ni wa nani, bili ya stima hulipwa na idara gani na ililipwa lini. Hayo ni maswali ya MCA. Aulize kwenye kikao rasmi, ajibiwe kwa maandishi, atuletee.

Kuna jambo jingine ambalo naona watu wengi hawalijui. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, yasema kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana au waziri wake, wamo wakuu wa polisi na ujasusi wa kaunti, wamo raia wa kawaida kutoka wafanyibiashara, wanawake, vijana, dini na walemavu, na wamo wawakilishi wawili wanaotoka bunge la kaunti. Kazi yake ni kupanga vipaumbele vya polisi katika kaunti, kufuatilia uhalifu unavyokwenda hasa ule unaowaumiza wanawake na watoto, na kuwapa polisi majibu ya wananchi kuhusu kazi yao. Kwa hivyo MCA akisema usalama si wake, muulizeni hao wawili wa Mombasa ni kina nani, walikaa mara ngapi na walisema nini kuhusu Likoni, Kisauni na Mji wa Kale. Meza iko kisheria na viti vyao viwili viko.

Na hawa vijana jamani twawajua. Mimi naingia nyumba zao. Mama amekaa kitandani hataki kuniangalia usoni, najua mwanawe hajalala nyumbani, na yeye ajua kuwa najua. Akisikia risasi usiku aanza kupiga simu kwa majirani. Wengine walianza na muguka, yale majani ya kutafuna, wakiwa darasa la saba, wakaingia kwenye tembe, wakaingia kwenye unga, yaani heroini. Mwezi wa Mei 2024 gavana Abdulswamad Nassir alipiga muguka marufuku hapa Mombasa, korti ikasimamisha ile amri, na tangu hapo wazee huuliza kwenye kila baraza kulikoni. Sasa wenye kazi ya kutunga sheria ya kaunti ni kina nani? Amri ikikwama kortini, bunge la kaunti laweza kukaa likatunga sheria yenye miguu, ikapita kwa maoni ya wananchi, ikasema mtoto asiuziwe, kibanda kisiwe karibu na shule, na itakayosimama mbele ya jaji. Hilo hatukuambiwa hata neno moja.

Niseme pia, kwa sababu nisiposema nitakuwa nimewaficha wengine, kwamba ziko nyumba huku ambazo kijana alichukuliwa na watu wenye gari na mpaka leo hajulikani aliko. Hata kama alikuwa mwizi. Katiba kifungu cha 49 yasema aliyeshikwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Mama wa aliyekatwa panga na mama wa aliyepotezwa wote wawili nawapima presha, na wote wawili iko juu. Ripoti ya usalama inayomtaja mmoja ikamsahau mwingine haijakamilika.

Kwenye afya alisema tujisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali. Sawa, na sisi wahudumu ndio tuliowasajili wengi kwa simu zetu. Lakini kujisajili ni kitu kimoja na kulipa ni kingine, na watu wengi bado hawajaelezwa vizuri. SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ile ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa akatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa aulizwa maswali kuhusu nyumba yake, paa, choo, anapikia nini, halafu apangiwa kiwango, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi ambazo atakiwa atoe za mwaka mzima, yaani 3,600. Mama anayefua nguo za watu 3,600 azitoe wapi kwa mpigo? Ndio maana wengi wamesajiliwa na hawajalipa, na waja kujua hilo siku wanapolazwa. Kile ambacho yeye apata bila kulipa ni huduma za zahanati na kituo cha afya, levo ya 2 na ya 3, hizo zalipwa na Mfuko wa Afya ya Msingi kwa aliyejisajili. Hilo lilitakiwa litangazwe kwa spika ya msikiti na kanisani, kwa sababu wako wagonjwa wakaa nyumbani wakidhani hawana haki ya kwenda hata kupimwa.

Lakini wakishaenda wapata nini? Mzee mmoja wa kaya zangu ana presha na sukari. Nampima nyumbani kwake kwa ile mashine tuliyopewa, nikiona ile namba ya juu imepita 180 namwandikia aende kituoni, aenda kwa mguu polepole na fimbo yake, apanga foleni, halafu ajibiwa dawa hakuna nenda ukanunue duka la dawa. Arudi nayo ile karatasi imekunjwa kwenye mfuko wa kanzu. Nikirudi mwezi unaofuata karatasi bado iko mle mle mfukoni. Sitaji kituo kwa sababu wauguzi wa pale nao hawana makosa, wao wenyewe wakwambia waliagiza. Ila mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria kwamba pesa ambayo kituo cha afya kinaingiza ibaki kwenye kituo hicho itumike hapo. Basi MCA atwambie zahanati ya wadi yetu iliingiza ngapi, zilibaki ngapi, zilinunua nini. Kamati ya afya ya bunge la kaunti ina uwezo wa kuita waziri na makaratasi yake. Sisi tukiuliza twaambiwa tungoje.

Na sisi wahudumu, kwa vile nimefika hapa. Marupurupu yetu ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu nusu ya kaunti. Ikichelewa yachelewa miezi. Tafadhali mheshimiwa usitusifu tu kwenye mikutano kwamba sisi ni mashujaa wa afya, uliza ile nusu ya kaunti imetoka lini.

Ambulansi nimeiweka mwisho kwenye afya na ndiyo inayoninyima usingizi. Huduma ya ambulansi ni ya kaunti, imeandikwa kwenye lile Jedwali la Nne. Na sisi wa ng'ambo hii tuna maji katikati. Mgonjwa wetu akizidiwa apelekwa Makadara, hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, na Makadara iko kisiwani, kwa hivyo kati yake na daktari kuna feri. Najua ambulansi hupewa nafasi ya kwanza kwenye feri, na barabara ya Dongo Kundu, ile ya kuzunguka bila kupanda feri, imeongeza njia, lakini kuzunguka mpaka Miritini halafu kurudi mjini na mama anayetokwa na damu ni safari ambayo sitamani mtu yeyote aijaribu. Na kabla ya feri kuna lile swali la kwanza, ambulansi yenyewe iko wapi? Usiku wengi huku wapelekwa kwa tuktuk. Nimekaa nyuma ya tuktuk nikimshika mama kichwa kisigonge chuma kila tukiruka tuta, dereva kijana mdogo alia huku anaendesha, na mbele yetu kwenye mteremko wa feri foleni. Walitupisha watu, Mungu awalipe, walitupisha bila hata kuulizwa. Mama alipona na mtoto yu hai. Lakini hatuwezi kuendelea kutegemea huruma ya watu wa foleni. Katiba kifungu cha 43 yasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na dharura ya mtu wa Likoni yaanzia mlangoni kwake. Twataka kujua ambulansi ngapi hulala upande huu wa maji, namba ya kupiga ni ipi, na mafuta ya hiyo gari yamewekwa kwenye bajeti gani.

Sasa kumbukumbu. Mwisho wa baraza MCA alituomba tusimame kimya kwa ajili ya watu wa Mtongwe, tukasimama, na kusema kweli hapo alinigusa.

Kwa vijana wasiojua, tarehe 29 Aprili 1994, siku ya Ijumaa asubuhi, feri ya Mtongwe ilitoka ng'ambo hii ikienda kisiwani imebeba watu wanaoenda kazini na kwenye shughuli zao. Feri ilitengenezwa kubeba watu 300, siku hiyo walikuwa kama 400. Ikapinduka karibu kabisa na ufuko. Walikufa watu 272. Mpaka leo Kenya haijapata ajali nyingine ya majini iliyoua watu wengi namna hiyo. Walikuwa watu wa kuvuka kila siku, kina mama wa sokoni, vibarua, makarani, watu waliotoka nyumbani wakaacha chai haijaisha. Huku kwetu ukikaa na mtu mzima dakika kumi atakutajia aliyempoteza. Nina nyumba moja ambayo bibi hapandi feri tangu siku ile. Akitakiwa hospitali kisiwani abishana na wanawe mpaka wachoka. Nilikuwa nikiandika kwenye fomu kwamba mgonjwa akataa rufaa, na fomu haina mahali pa kuandika kwa nini. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani amepoa.

Halafu tarehe 29 Septemba 2019, gari likateleza kutoka kwenye feri ikiwa katikati ya kivuko, likatumbukia, mama na binti yake mdogo wakafa, na miili haikutolewa majini mpaka tarehe 11 Oktoba. Kina cha maji pale kilikuwa mita 58. Nchi nzima ilikuwa yaangalia kwa televisheni, na sisi tulikuwa twavuka juu ya maji yale yale asubuhi na jioni tukijua wako chini. Mimi nilikuwa nikisoma dua kila nikivuka na najua si mimi peke yangu, abiria walikuwa wanyamaza wakifika katikati.

Kwa hivyo mheshimiwa akisema tuwakumbuke, nakubali kwa moyo wote. Ila aliwataja wa feri akaishia hapo. Hakuwataja wa 1997, na mimi naona watu wengi hapa hawataki watajwe. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikaibwa, na siku zilizofuata watu wa bara waliokuwa wanaishi na sisi hapa, wapangaji wetu, walimu wa watoto wetu, wenye maduka, wakauawa na wakachomewa nyumba. Waliokufa walipita 100 na waliohama makwao walikuwa kama 100,000. Na vijana wa Kipwani wengi waliokamatwa baadaye nao waliteswa, wengine bila kosa. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza na ripoti yake ikatolewa 2002, ikaonyesha mikono ya wanasiasa. Vijana wale walipewa viapo na mapanga mwaka wa uchaguzi na watu ambao wao wenyewe hawakulala nje hata usiku mmoja.

Nayasema haya kwa sababu uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, Jumanne tarehe 10. Siku tatu baada ya kura, tarehe 13, itatimia miaka 30 tangu usiku ule wa Likoni. Na vijana wenye mapanga wako hapa hapa mtaani. Sasa MCA anayetupa taarifa ya usalama upande mmoja na kumbukumbu upande mwingine, na kati yake hakuna aliyeunganisha, naona kuna kitu hatuambizani. Namuomba atangulie. Aweke siku ya kuwakumbuka wa 1997, wa dini zote na wa makabila yote, aite familia za askari waliouawa, aite waliohama warudi waone watu wao, aite vijana wa leo wakae wasikilize kutoka kwa wenyewe. Na aseme kwa kinywa chake mbele ya watu kwamba hatampa kijana yeyote pesa ya kufanya fujo 2027, na wapinzani wake waseme hivyo hivyo wakiwa wamesimama pamoja.

Pale Jomo Kenyatta Avenue kuna sanamu ya askari, imesimama tangu 1927 kwa ajili ya Waafrika waliokufa kwenye vita vya kwanza vya dunia, wanajeshi na wale wapagazi waliobebeshwa mizigo mpaka wakafa njiani. Maelfu wapita hapo kila siku na hakuna awezaye kukutajia jina la mpagazi mmoja, kwa sababu wakati wenyewe waliowajua walikuwa hai hakuna aliyejali kuwaandika. Wa Mtongwe waliowajua bado wako, lakini wazeeka. Mwaka hadi mwaka nafuta majina ya wazee kwenye daftari langu. Kama majina ya wale 272 hayatakusanywa yote sasa, na pembeni yake mtu alikuwa mwana wa nani na alikuwa akienda wapi asubuhi ile, baada ya miaka michache itabaki namba tupu. Nataka MCA alete hoja kwenye bunge la kaunti, majina yakusanywe, yaingizwe kwenye rekodi rasmi za bunge, na yasomwe kila tarehe 29 Aprili. Makaburi ni kazi ya kaunti kikatiba, feri za kaunti nazo zimo kwenye Jedwali lile lile, kwa hivyo asiambiwe na mtu kwamba hilo si la bunge la kaunti.

Na tarehe yenyewe ina jambo. Sheria ya fedha za umma yaitaka serikali ya kaunti iwe imepeleka makadirio ya bajeti mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Yaani tarehe 29 twasimama kimya kwa ajili ya waliokufa kwenye feri iliyojaa kupita kiasi, na kesho yake ndio mwisho wa kupeleka karatasi inayosema mwaka ujao kutakuwa na ambulansi au hakutakuwa, mlingoti utatengenezwa au hautatengenezwa, dawa ya presha itafika au haitafika. Mimi naomba kikao cha maoni ya bajeti kwa Likoni kifanywe karibu na siku hiyo ya kumbukumbu, huku huku ng'ambo, na siyo kwenye ukumbi wa kisiwani saa tatu asubuhi ambapo kina mama wako sokoni. Familia za wale waliokufa wapewe nafasi ya kuongea kwanza. Nina hakika hawataomba mambo makubwa.

Sisi raia nasi tuna letu la kujirekebisha kwenye hili, nisije nikaonekana namsukumia mtu mmoja kila kitu. Huyu MCA asubuhi akifungua mlango akuta watu kumi, wa karo, wa jeneza, wa bili ya hospitali, wa jezi za timu. Tumemfanya ndiye bima yetu na ndiye benki yetu, halafu twashangaa mbona haji na ripoti ya bunge. Anayetupa elfu mbili ya mazishi twamwita mkarimu, na yule ambaye angekesha akisoma bajeti ya kurasa mia tatu aone pesa za ambulansi zimeenda wapi tungemwita mchoyo. Swali la mlingoti halina anayeliuliza pale mlangoni kwake asubuhi. Basi tuanze kuliuliza.

Namuomba ripoti yake iwe inakuja kila baada ya miezi mitatu, karatasi moja tu kwa Kiswahili, ibandikwe kwa chifu, zahanati, msikitini, kanisani na stendi ya boda. Iseme aliuliza nini, alijibiwa nini, nini kimefika na nini kimekwama na kimekwama kwa nani. Asiogope kuandika kimekwama. Twajua mambo hukwama.

Na kuhusu yale majina, asiseme hakuna watu wa kuyakusanya. Sisi wahudumu twaingia kila nyumba huku ng'ambo, na watu wametuzoea, hutufungulia mlango. Tupewe fomu tu, hata ya karatasi, yenye nafasi ya jina la marehemu, umri, kazi yake, na nani wake aliye hai, na kule Mtongwe twaweza kuanza wiki hii hii.

Wako,
Mhudumu wa afya ya jamii,
Likoni, Mombasa